Maswali ya Jikoni: Tom Yum na Ndugu Zake

Tom yum ni supu ya Thailand inayosimama juu ya uchachu wa ndimu, chumvi ya sosi ya samaki na ukali wa pilipili mbichi, huku mchaichai, galanga (mzizi wa jamii ya tangawizi) na majani ya ndimu makruti yakiibeba kwa harufu. Barua zenu kuhusu supu hii ni nyingi, na malalamiko mengi yanafanana. Tumechagua zile zinazowagusa wengi na kuzijibu kwa vipimo, ili msomaji aende nayo moja kwa moja jikoni.

Nilichemsha viungo vyote pamoja na maji ya ndimu kwa nusu saa ili vikolee. Supu imekuwa chungu, na ile harufu niliyoikuta hotelini haipo kabisa. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Tanga*

Pole, ndugu yetu. Viungo vyako ni sahihi. Kilichoiharibu supu ni hiyo nusu saa. Tom yum si supu ya makongoro inayotaka kukaa motoni hadi ikolee. Harufu ya mchaichai, galanga na makruti imo kwenye mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Mchemko mdogo wa dakika tano hadi nane unatosha kuyatoa kwenye jani na kuyaingiza kwenye mchuzi. Ukipitiliza robo saa, yanaondoka, na sufuriani inabaki ladha ya nyasi. Nyumba nzima ikinukia tom yum huku sufuria ingali motoni, ujue harufu imeshaihama supu.

Ndimu nayo haipikwi. Maji yake huingia baada ya sufuria kuepuliwa. Yakichemka, ule ubichi wa ndimu unapotea na uchachu unabaki peke yake, mkavu, wenye uchungu nyuma yake. Angalia pia unavyokamua: ukiibana ndimu mpaka ganda lipinduke, unakamua na mafuta ya ganda na ule utando mweupe, na vyote viwili ni vichungu. Kamua kwa kiasi, kisha chuja mbegu.

Kipimo cha bakuli nne ni hiki. Kamba wenye vichwa gramu 500, maji lita 1 na robo, mashina 3 ya mchaichai, galanga gramu 30 (vipande vyembamba vya duara sita hadi vinane), majani 5 au 6 ya makruti, pilipili kichaa 5 hadi 8, uyoga gramu 200, sosi ya samaki vijiko 3 vya chakula, maji ya ndimu vijiko 4 vya chakula, na kotmiri mkono mmoja. Nyanya mbili ndogo ni hiari. Wengi Thailand huziweka, na wengine huziona zinaleta utamu usiotakiwa.

Anza na vichwa. Bandua maganda ya kamba, ng'oa vichwa, na katika kila kichwa toa kifuko cheusi kilicho nyuma ya macho. Hicho ni tumbo lake, kina mchanga na uchungu. Yale mafuta ya rangi ya machungwa usiyaguse, maana ndiyo roho ya supu. Kaanga vichwa na maganda katika kijiko kimoja cha mafuta, dakika tatu au nne, ukivikandamiza kwa mwiko mpaka mafuta ya sufuriani yawe mekundu. Mimina maji, yachemke polepole dakika 15 hadi 20, chuja. Utapata karibu lita moja. Usiache maganda yachemke zaidi ya nusu saa, mchuzi utakuwa wa kijivu na wenye shombo.

Mchaichai tumia sehemu nyeupe ya chini tu, sentimita 12 hivi. Upondeponde kwa mgongo wa kisu, kata vipande vya urefu wa kidole. Makruti chana kwa mkono na utoe mshipa wa katikati. Pilipili ziponde kidogo tu, zipasuke. Rudisha mchuzi motoni. Ukichemka weka mchaichai, galanga na makruti, acha dakika tano. Weka uyoga na nyanya, dakika mbili. Weka sosi ya samaki na kamba. Kamba wa ukubwa wa kati wanataka dakika moja na nusu, wakijikunja na kuwa wekundu wameiva. Epua. Sasa ndimu, pilipili na kotmiri. Onja. Kinachotakiwa kukutangulia mdomoni ni uchachu, halafu chumvi, na pilipili iingie wakati unameza. Ukihisi uchachu umepwaya, jaribu kwanza kuongeza sosi ya samaki kijiko kimoja cha chai kabla hujakimbilia ndimu nyingine, kwa sababu supu isiyokolea chumvi hata uchachu wake hauonekani.

Sosi ya samaki huku ni ya shida. Chumvi haitoshi?
*Msomaji, Morogoro*

Chumvi inaleta chumvi tu. Sosi ya samaki ni samaki wadogo wa baharini, jamii ya dagaa, waliolazwa kwenye chumvi mwaka mzima au zaidi mpaka wakayeyuka, kwa hiyo inaleta pia ule utamu wa nyama unaokaa ulimini. Ukiikosa, chukua uduvi mkavu vijiko viwili vya chakula, uukaange bila mafuta dakika mbili, uuchemshe pamoja na maganda ya kamba, kisha uchuje. Baadaye tia chumvi vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa lita moja, lakini anza na kimoja na nusu, kwani uduvi una chumvi yake. Sosi ya soya haifai, inaipeleka supu kwenye ladha ya Kichina na kuitia weusi.

Niko Muscat. Nimepata galanga kavu kwenye duka la viungo, na makruti sijaipata. Naweza kutumia tangawizi na majani ya limau?
*Msomaji, Muscat*

Hiyo kavu mnayoiita khulanjani huko Oman mara nyingi ni galanga ndogo, ndugu ya ile inayotumika Thailand. Ina ukali zaidi na harufu yake inaelemea kwenye dawa. Tumia theluthi ya kipimo, gramu 10 kwa lita moja, iroweke kwenye maji ya moto dakika 20, kisha uitie kwenye mchuzi mapema zaidi, dakika kumi kabla ya viungo vingine. Usitumie ya unga. Inaichafua supu na kuacha chengachenga.

Tangawizi tunaikubali kwa shingo upande. Ina ujoto na utamu, wakati galanga ina ubaridi unaokaribia ule wa misonobari. Supu ya tangawizi inakuwa nzuri, lakini inaelekea kuwa supu ya mafua. Ukilazimika, weka vipande vitatu tu vyembamba, na uongeze shina moja la mchaichai.

Makruti ndiyo ngumu zaidi kuibadilisha. Jani lake halikosewi: linaonekana kama majani mawili yaliyoungana, moja limefuata jingine. Kama hulipati, chukua majani machanga ya mndimu, manane badala ya matano, pamoja na ganda la kijani la ndimu moja lililomenywa kwa wembamba bila utando mweupe. Ganda hilo liingie dakika ya mwisho na litolewe kabla ya kupakua. Majani ya mlimau yaliyokomaa usiyatumie, yanatoa uchungu. Na ukibahatika kupata makruti mbichi kwa wingi, yagandishe. Yakiwekwa kwenye mfuko uliofungwa vizuri ndani ya friza yanashika harufu miezi mingi, ilhali yaliyokaushwa yamekuwa makaratasi.

Wale mlio pwani na sehemu zenye joto, pandeni. Mchaichai unaota popote. Kipande cha galanga chenye jicho kikizikwa kwenye udongo mwepesi kinachipua kama tangawizi. Mmakruti huvumilia hata kwenye pipa lililotobolewa chini, mradi maji yasituame.

Ile pesti ya tom yum ya chupa haina aibu, lakini imeshatiwa chumvi, uchachu na mara nyingi sukari. Weka nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ongeza mchaichai na makruti halisi, na maliza kwa ndimu mbichi.

Kuna tom yum nyeupe na kuna isiyo na maziwa. Ipi ndiyo ya kweli? Yangu ya maziwa hukatika kila mara.
*Mama Salma, Mombasa*

Bi Salma, zote ni za Thailand. Angavu huitwa nam sai, nzito huitwa nam khon, na ya angavu ndiyo kongwe. Nam khon imeenea mno mahotelini kwa sababu maziwa yanalainisha ukali na kuwapendeza wageni. Sisi tunaipenda angavu pale kamba wanapokuwa wabichi wa siku ile, kwa kuwa hakuna kitu cha kuwafunika. Kamba wakiwa wa friza, nam khon inawasaidia.

Maziwa hukatika kwa sababu mbili zinazokutana: asidi na moto. Ya ng'ombe uliyoyachemsha nyumbani hayana kinga, protini zake zinagandana mara tu ndimu ikiingia. Thailand hutumia maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari. Hayo yamepunguzwa maji, yamepikwa kwa joto kali kiwandani na kuongezwa chumvichumvi za kuyashikilia, ndiyo maana yanastahimili. Kwa lita moja ya mchuzi weka mililita 100 hadi 120. Utaratibu ni huu: punguza moto mpaka mchemko utulie, tia maziwa, koroga, yapate moto kwa nusu dakika bila kutokota, epua, subiri dakika moja, ndipo utie ndimu kidogokidogo huku ukikoroga. Ukiimwaga ndimu yote kwa mkupuo, au ukairudisha sufuria motoni baada ya ndimu, hata ya kopo yatakatika. Hakikisha kopo halina sukari. Maziwa ya kopo matamu yanayotiwa kwenye chai yataifanya supu isinyweke.

Tui la nazi? Wako wapishi wanaolitia, na pwani yetu lina wenyewe. Lakini ukilitia kwa wingi umeshahamia kwenye supu nyingine, tom kha, ambayo ina kanuni zake. Humo galanga huongezwa mara mbili hadi gramu 60, kuku huchukua nafasi ya kamba, pilipili hupungua, na nusu ya maji huwa tui. Tui haligandi kwa ndimu kama maziwa, ila likitokota kwa nguvu linatoa mafuta juu na kubaki machicha ya maji chini. Moto mdogo, tui la pili kwanza, tui zito mwishoni.

Ule wekundu unaoelea juu ya supu unatoka wapi? Nimeongeza nyanya ya kopo, haikusaidia.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Nyanya ya kopo itoe kabisa. Wekundu huo ni mafuta ya vichwa vya kamba tuliyoyaeleza juu, pamoja na nam prik pao, pilipili ya kukaangwa inayofanana na jamu. Inauzwa kwenye chupa, ila ya nyumbani inaishinda kwa mbali, na viungo vyake vyote vimo kwenye masoko yetu.

Tafuta pilipili ndefu kavu gramu 30, toa mbegu. Vitunguu vidogo vyekundu gramu 100 na kitunguu saumu gramu 60, vyote vikatwe vyembamba sana kwa unene mmoja. Uduvi mkavu gramu 40, uliooshwa haraka na kukaushwa. Sukari guru gramu 60, ukwaju mzito uliochujwa vijiko 3 vya chakula, sosi ya samaki vijiko 2, mafuta mililita 150.

Kaanga kila kitu peke yake katika mafuta hayohayo kwa moto mdogo. Kitunguu saumu mpaka rangi ya dhahabu, kitoe. Vitunguu mpaka vianze kuwa kahawia, vitoe. Uduvi dakika moja. Pilipili zije mwisho na zikae sekunde 15 tu. Hapo ndipo watu wengi huharibu: pilipili ikishakuwa nyeusi, uchungu wake hauondoki hata kwa sukari ya kilo. Ikikuungulia itupe, anza na nyingine, mafuta nayo yabadilishe kama yameshika harufu. Twanga vyote kwenye kinu au saga kwenye blenda mpaka vishikane bila kuwa laini kabisa. Rudisha kwenye mafuta, tia ukwaju, sukari guru na sosi, koroga kwa moto mdogo dakika tano hadi nane mpaka iwe nzito na kung'aa. Kwenye chupa safi, mafuta yakiifunika juu, ndani ya friji, inakaa mwezi. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita ya supu kinatosha, viwili kwa nam khon. Ukiweka vinne umepika mchuzi mtamu wa pilipili.

Kamba wangu siku nyingine wanakuwa kama mpira, siku nyingine wanamong'onyoka kama uji. Ni kamba walewale wa Rufiji.
*Msomaji, Kibiti*

Mpira ni kosa la moto. Kamba anaendelea kuiva ndani ya supu hata baada ya kuepuliwa, kwa hiyo mtoe motoni akiwa bado na kiwaa kidogo katikati ya mgongo. Bakulini atamalizia mwenyewe.

Kumong'onyoka ni kosa lililotokea kabla hawajafika kwako. Kichwani mwa kamba kuna viini vya kumeng'enyea chakula, na akifa bila barafu, viini hivyo hushuka na kuanza kuula mwili wake mwenyewe. Nunua waliolala kwenye barafu, kichwa kikiwa kimeshikana imara na mwili. Kichwa kikining'inia na shingo imeanza kuwa nyeusi, waache. Ukifika nyumbani ng'oa vichwa mara moja hata kama utapika jioni, vichwa weka kwenye friza peke yake. Wa kugandishwa wayeyushe ndani ya friji usiku kucha, au kwenye mfuko uliofungwa ndani ya maji baridi. Maji ya moto yanawapika nje na kuwaacha barafu ndani.

Huku kwetu kamba hakuna. Tuna migebuka, sato, dagaa na kambale wa kukausha. Tunaruhusiwa?
*Msomaji, Kigoma*

Mnaruhusiwa, tena mna mali. Kamba ndio waliopata umaarufu duniani, lakini Thailand supu hii hupikwa kwa kile kilichopatikana, na tom yum ya samaki, tom yum pla, ni chakula cha nyumbani huko. Mgebuka au sato mbichi unafaa sana. Kata vipande vya unene wa vidole viwili, vipake chumvi kidogo, viache dakika kumi, vioshe. Siri iko kwenye kuweka: mchuzi uwe unatokota kwelikweli samaki anapoingia, halafu usimkoroge hata mara moja mpaka aive, dakika nne hadi tano. Ukimtia kwenye mchuzi wa vuguvugu na kumgeuzageuza, shombo linatoka na nyama inakatika. Supu ya samaki angavu hivi haihitaji maziwa wala nam prik pao.

Kambale wenu wa moshi ndiye anayetufurahisha zaidi, kwa sababu kuna supu ya jamii hii iliyotengenezwa mahsusi kwa samaki mkavu. Inaitwa tom khlong. Bandika mkaa. Choma juu yake vitunguu vidogo sita na maganda yake, galanga vipande vinne vinene, mchaichai mashina mawili na pilipili kavu tano, mpaka viungueungue nje na kutoa harufu. Pilipili zitawahi, ziangalie. Menya vitunguu, ponda vyote kidogo. Samaki mkavu gramu 250 mchome naye juujuu, mchambue miba, mvunje vipande vikubwa. Chemsha maji lita moja na viungo hivyo dakika tano, weka samaki dakika tano zaidi, kisha tia ukwaju mzito vijiko 3. Ukwaju, tofauti na ndimu, unaruhusiwa kuchemka. Onja kabla hujagusa sosi ya samaki, maana samaki mkavu ana chumvi yake. Epua, kamulia nusu ndimu, nyunyiza kotmiri. Ladha ya moshi na ukwaju pamoja hatuoni aibu kuipendekeza mbele ya tom yum ya kamba yenyewe.

Nataka kujua aina nyingine. Huku Toronto menyu zina majina mengi hata sielewi tofauti.
*Msomaji, Toronto*

Tofauti kubwa zipo kwenye nyama, kinachochachusha na majani. Tom yum kung ni ya kamba, tom yum kai ni ya kuku: paja la kuku lenye mfupa, gramu 600, lichemke dakika 25 ndipo viungo viingie. Kifua kinakauka. Tom yum thale ina mchanganyiko wa vya baharini.

Po taek nayo ni ya baharini lakini huwa angavu na kali zaidi, na humalizwa kwa jani la jamii ya mrehani lenye ukali wa karafuu. Mrehani wa kwetu unakaribia. Ugumu wake ni muda: kaa huanza, dakika sita hadi nane, samaki hufuata, kisha kome mpaka wafunguke, kamba, na ngisi mwisho kabisa, dakika moja. Mpishi anayevimwaga vyote pamoja atapata ngisi wa kutafuna mpaka kesho.

Tom saep inatoka Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Ni ya mbavu za nguruwe, na ya ng'ombe pia ipo, iliyochemshwa saa moja na nusu hadi nyama iachie mfupa. Ukali wake unatokana na pilipili kavu iliyochomwa na kusagwa, na huko hupenda kotmiri ya jani refu lenye meno pembeni, ambayo hustahimili moto kuliko hii yetu. Hii ndiyo ya kumpa mtu anayedai tom yum haishibishi.

Halafu tambi. Tom yum ya tambi za mchele inayouzwa mitaani Bangkok ni kitu kingine kabisa: mara nyingi haina mchaichai wala galanga. Ladha hutengenezwa ndani ya bakuli kwa maji ya ndimu, sosi ya samaki, sukari, pilipili kavu iliyosagwa na karanga zilizopondwa, kisha mchuzi wa mifupa humiminwa juu yake. Ukiiagiza ukitegemea harufu ya makruti utasikitika bure.

Wasomaji Waislamu wanaotafuta ya halali, mkifika Malaysia ulizieni migahawa ya tomyam. Mingi ilianzishwa na Waislamu kutoka mikoa ya kusini mwa Thailand, Pattani, Yala na Narathiwat. Ya huko ni nyekundu na ina utamu zaidi.

Kwa nini dunia nzima inaishangilia hii supu? Ni matangazo tu?
*Msomaji, Nakuru*

Matangazo peke yake hayawezi. Ulimi unapata uchachu, chumvi, ukali na utamu mdogo wa kamba kwa mkupuo mmoja, huku pua ikipata harufu ambayo haipo kwenye vyakula vingine vingi, na yote haya bila mafuta ya kulemea. Anayekula anatoka jasho na anajisikia mwepesi. Desemba 2024 UNESCO iliiandikisha tom yum kung kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikiitambua kama chakula cha jamii za wakulima wa mabonde ya mito ya katikati ya Thailand. Na imeingia mpaka kwenye uchumi: sarafu ya baht ilipoachiwa ielee Julai 2, 1997 na masoko ya Asia yakaporomoka, Wathai waliuita mgogoro ule kwa jina la supu yao.

Nimezidisha pilipili na wageni wapo mlangoni!
*Msomaji, Arusha*

Chuja pilipili zote zilizomo, usiache hata moja. Usiongeze maji matupu. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unazunguka tu. Maziwa ndiyo huushika, kwa hiyo tia maziwa ya kopo mililita 150 na uigeuze kuwa nam khon, ukipunguza moto kwanza. Kama ndimu imeshaingia, acha supu ipoe kidogo kisha yatie maziwa polepole bila kuirudisha motoni. Sukari kijiko kimoja cha chai inasaidia. Andaa na wali mweupe wa kutosha mezani. Siku nyingine weka pilipili nzima bila kuziponda, na za kuponda mpe kila mtu kwenye kisahani.

Mume wangu ana aleji ya kamba. Tom yum ya kuku ni salama kwake?
*Msomaji, Nairobi*

Ya hotelini, hapana, mpaka mpishi mwenyewe athibitishe. Nam prik pao ina uduvi na mara nyingi pesti ya kamba, pesti za chupa vilevile, na jikoni mchuzi mmoja wa maganda huweza kutumika kwa supu zote. Aleji ya kamba inaweza kuziba pumzi, hivyo usikubali jibu la mhudumu la "haina kamba" likiwa na maana ya haina vipande vya kamba. Nyumbani mpikie tom yum kai angavu: mchuzi wa kuku, viungo vibichi, sosi ya samaki yenye samaki na chumvi tu kwenye orodha yake, bila nam prik pao. Sufuria na kinu viwe havijagusa uduvi.

Mimi ni mpishi wa hoteli. Nahitaji bakuli 40 kwa usiku mmoja, na ya mwisho iwe sawa na ya kwanza.
*Msomaji, Nungwi*

Usipike sufuria moja ya tom yum ukaiacha motoni tangu magharibi. Bakuli la thelathini litakuwa nyasi na uchungu. Pika mchuzi wa maganda peke yake, lita 10, mchana. Upoze haraka ukiweka sufuria kwenye beseni la barafu, uingie friji. Mchaichai, galanga na makruti zidisha moja kwa moja kwa kumi, lakini vigawe mafungu manne. Usiku unapasha mchuzi lita mbili na nusu, unatia fungu moja dakika tano, unavitoa viungo, unahudumia bakuli kumi, unaanza tena.

Uchachu na chumvi viweke ndani ya bakuli, kama wafanyavyo wauzaji wengi wa Thailand: maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula, sosi ya samaki vijiko viwili vya chai, nam prik pao kijiko kimoja cha chai, pilipili moja iliyopondwa. Kamba na uyoga wapike kwenye kisufuria cha bakuli nne nne, mimina vikiwa vinatokota. Pilipili usiizidishe kwa kumi, wageni hawalingani. Ndimu kamua alasiri ileile na uweke kwenye friji. Za jana zimeshaingia uchungu.

Mgeni wangu alitafuna mchaichai wote akadhani ni mboga.
*Msomaji, Moshi*

Mchaichai, galanga na makruti haviliwi, vinaachwa bakulini. Kwa mgeni asiyezoea, vichuje jikoni kabla ya kuweka kamba. Hakuna kitakachopotea, harufu imeshatoka.

Iliyobaki niihifadhi vipi?
*Msomaji, Bukoba*

Watoe kamba na viungo vyote siku ileile, hifadhi mchuzi na kamba vyombo tofauti kwenye friji, usipitishe siku mbili. Ya angavu chemsha mchuzi peke yake, epua, rudisha kamba wapate joto ndani yake, kisha kamulia nusu ndimu mpya na kotmiri mbichi. Ya maziwa ipashe kwa moto mdogo, ukiona mapovu ya kwanza pembeni zima.